Poste ya Gari Yetu Haisikiki

Kolwezi, Manika, tarehe 12 mwezi wa mbili 2023

Yaya Ndaya,

Pokea salamu ya siye bote mu nyumba hii. Tuko bazima. Bibi yangu Wivine eko anauzisha makayabu yake, samaki ya chumvi, ku soko, na binti yetu Jémima ameingia mwaka wa tano ya segondère. Hesabu inamusumbua lakini anapigana nayo. Miye mugongo unaniuma asubuhi, kisha nikikaa mu gari unanyamaza. Huko Kasaji mvua inanyesha? Na Princesse, binti yako, ameisha kuzaa? Umusalimie, yeye na bwana yake Kyungu.

Sasa neno lenye kunikalisha chini na bic mu mukono. Poste ya gari, ile redio ya mbele, inagonjwa. Gari ni yetu siye wawili. Siku tuliuzisha nyumba ya tata, baba yetu, ile karibu na gare ya treni ya Kasaji, na kununua hii Toyota ya kubeba bantu, tulipatana kama hakuna mutu atagusa kitu mu gari bila mwenzake kujua. Mi ninalishika lile neno, njo maana ninakuuliza.

Ilianza mbele ya Noeli. Sauti inatoka, lakini inatoka mbali, sawa mutu anaimba mu nyumba ya jirani na mulango umefungwa. Maneno ya habari siyashiki tena. Ninasikia ngoma tu, na siku zingine hata ngoma hapana. Ninapandisha sauti mpaka mwisho. Unajua barabara ya Fungurume: dereva bila muziki atalala.

Niliipeleka ku garaji ya Mukalay, fundi wa umeme yote ya mu gari. Aliingiza kichwa, akafungua, akafunga, akaniangalia. Akasema: «Tata Ezéchiel, hii poste iko muzima.» Muzima! Mi niko pembeni yake, sisikii kitu, yeye anasema muzima. Myaka yote ile nilifanya kazi ku mine, mbele ya machini ya kuponda mawe, nani atanifundisha kutambua machini yenye kugonjwa? Ni mwizi tu, anataka nirudi mara tatu.

Niambie basi: tutengeneze, ao tutoe hii na kuweka mupya? Ningekupigia simu, lakini rezo ya Manika imekufa kabisa. Mutu anasema sawa eko ndani ya kisima. Mama Tshiela, ule wa camion, lori ya unga ya muhogo, atakuletea barua hii na atangojea jibu.

Ni miye ndugu yako,
Ezéchiel


Kasaji, tarehe 5 mwezi wa tatu 2023

Ndugu yangu Ezéchiel,

Barua yako nimeipata. Mama Tshiela alifika amechafuka matope mpaka ku magoti, camion ililala mu njia. Mvua iko nyingi, muhogo ya bondeni imeoza. Princesse alizaa mutoto mwanaume, eko na nguvu, analia sawa mutu mukubwa. Kyungu anatafuta kazi na haipati. Miye niko tu.

Kuhusu poste: mutengeneze. Tata alikuwa na redio moja maisha yake yote. Ilipokufa aliifungua yeye mwenyewe ku meza, akaifunga, ikasema. Weye unataka kutupa kitu chenye fundi anasema ni kizima. Na ukitengeneza, usimame pale pale uangalie mikono yake.

Kuna neno lingine na sitalipita. Mwezi uliopita nilikupigia mi mwenyewe kukuambia kama shangazi Rachelle amekufa. Weye ulijibu: «Bon, bon, ni vizuri, tumushukuru Mungu.» Nilikuwa ku kilio, bantu bamenizunguka, simu iko wazi, bote balisikia. Nilirudilia: «Ezéchiel, shangazi amekufa!» Ukasema: «Umusalimie sana.» Kisha Wivine alikunyanganya simu, akaanza kulia na kuomba musamaha mu nafasi yako. Ulikuwa umekunywa? Hakuna mutu wa jamaa amenitukana vile, hata balevi.

Shangazi tulimuzika bila weye.

Salimia Jémima.

Ndaya, yaya yako


Kolwezi, Manika, tarehe 2 mwezi wa ine 2023

Yaya,

Pokea salamu, na ufikishe pole yangu kwa jamaa yote. Nimelia. Mbele ya Mungu, sikukunywa. Ni rezo. Nilisikia «shangazi» na nikafikiri anakusalimia. Unafikiri mi ninaweza kucheka mutu aliyenilea? Ufute ile neno mu roho yako.

Mutoto wa Princesse nimemufurahia. Hapa Jémima alipata homa, imekwisha.

Nilifanya sawa ulivyosema. Nilisimama pale pale. Mukalay alitoa bafle zote zenye kutoa sauti, akaweka zingine, akabadilisha nyuzi. Aliwasha. Alitikisa kichwa na kucheka, sawa muziki umemufurahisha. Mi nilisikia kitu kidogo tu, sawa inzi ndani ya chupa. Nikamuuliza: «Njo hii umetengeneza?» Midomo yake ilicheza, sauti hapana. Bantu ba siku hizi habafungui kinywa, Yaya. Hata padri ku misa anasoma Injili sawa anajisomea yeye peke yake.

Na bapassagers bamekuwa bantu ba matata. Mama mumoja alinipiga ku bega, nikasimamisha, akashuka na kunionyesha kidole, kumbe tulipita nafasi yake zamani. Ba-roulage, polisi ya barabara, balinishika karibu na kituo, banasema balipiga filimbi. Filimbi gani? Bote banataka tu kunitafutia neno.

Lakini yenye kuniuma zaidi iko mu nyumba. Wivine ameacha meza yake ya makayabu kwa jirani. Sasa kila asubuhi anaingia mu gari na kukaa mbele, pembeni yangu. Anasema ni kunisaidia kuita bantu. Ananigusa mukono: simama hapa, geuka pale. Sawa mi ni mutoto! Juzi nilitoka kununua mafuta, nikirudi nikamukuta na Mukalay ku mulango wa garaji. Banasemezana, midomo inakwenda mbio, sauti hapana. Baliponiona, balinyamaza. Ku nyumba ni vile vile, yeye na Jémima. Nikiingia bananong'ona. Nikiuliza, Wivine anasema: «Hatunong'oni.»

Weye ni mwanamuke, Yaya. Mwanamuke ananong'ona juu ya nini?

Ndugu yako,
Ezéchiel


Kasaji, tarehe 7 mwezi wa tano 2023

Ndugu yangu,

Nimechelewa kukujibu. Tulikuwa na kazi ya kuvuna karanga, kisha nilitaka nifikiri mbele ya kuandika.

Tuko bazima. Mutoto wa Princesse ameanza kucheka. Kyungu anajifunza kuendesha gari, bwana mumoja wa hapa anamuachia pick-up yake siku ya posho, jumamosi. Ana mukono muzuri.

Wivine alinipigia simu siku ya Pasaka. Alisema mingi na alilia. Alinilomba nikuandikie neno fulani. Sitaliandika hapa, ni maneno yake, akitaka akuambie yeye mwenyewe. Mi nilimujibu tu kama nimesikia.

Umeniuliza neno la mwanamuke. Mi sitasema kama Wivine eko mubaya. Sikukaa mu nyumba yenu. Lakini mwanamuke mwenye kuacha meza yake ya soko, yenye kumulisha, aende kukaa mu gari ya bwana yake kutoka asubuhi mpaka jua kushuka, anachunga kitu. Na mwanamuke mwenye kunyamaza ukifika alikuwa anasema neno lenye haupaswi kusikia. Mi sisemi ni Mukalay. Ni weye uliandika Mukalay.

Kuhusu poste, nimebadilisha wazo. Nunua mupya. Nunua mukubwa, yenye nguvu kuliko zote za Kolwezi. Kama na hiyo hausikii, basi utajua.

Ndaya


Kolwezi, Manika, tarehe 11 mwezi wa sita 2023

Yaya Ndaya,

Nimekuamkia. Mu barua hii salamu ni yangu peke yangu, juu nyumba iko wazi.

Nilinunua poste mupya. Mukubwa kabisa, na taa ya bleu inayozunguka. Mukalay aliiweka, mi niko juu ya kichwa yake sawa askari. Alipoiwasha, nikapandisha mpaka mwisho. Yaya, bantu ba garaji bote balishika masikio. Kijana mumoja alitupa ufunguo chini na kukimbia inje. Kioo ya mulango ilikuwa inatetemeka chini ya mukono wangu. Na miye nilisikia sauti ndogo, mbali, mbali sana.

Nikakumbuka neno yako. «Basi utajua.» Nikajua. Bamepatana. Mukalay anafanya poste iseme inje na inyamaze kwa upande wangu, na bantu ba garaji banajifanya banashika masikio. Niliona wazi sawa mchana.

Nikarudi ku nyumba. Wivine alikuwa anapika bukari ya unga. Nikamwambia: «Leo utaniambia nini iko kati yako na Mukalay.» Midomo yake ikaanza kucheza. Nikasema: «Paza sauti!» Akaacha mwiko, akakuja, akaweka kinywa chake ku sikio yangu na kupaza sauti kwa nguvu yote, nikasikia:

«Ezéchiel, poste haina kitu. Ni masikio yako. Masikio yako imekufa. Ile machini ya mawe njo ilikula masikio yako. Kila mutu anajua, ni weye tu haujui. Ninakaa mu gari juu usiue bantu!»

Kunitusi vile, mbele ya mutoto! Kuniita kiziwi, sawa muzee wa kukaa ku ukuta! Akaongeza: «Hata Yaya Ndaya anajua. Nilimwambia siku ya Pasaka.»

Ni pale nilishika kama anadanganya. Nilimwambia: «Yaya yangu angeniambia. Mi na yeye tulinyonya ziwa moja.»

Nilitupa bitu yake ku barabara: manguo, masufuria, ile sanduku ya makayabu. Majirani balitoka kuangalia. Alisimama pale na mwiko mu mukono. Nilimupiga mbele yabo. Jémima alifunga mulango ya kuku, akachukua kartable yake ya masomo, akafuata mama yake. Hakuniangalia. Beko Fungurume, kwa kaka yake Wivine, Stéphane.

Sasa niko na amani. Hakuna mutu ananong'ona tena mu nyumba hii.

Niambie kama nilifanya muzuri.

Ezéchiel


Kasaji, tarehe 2 mwezi wa saba 2023

Ndugu yangu,

Tuko bazima huku. Baridi iko nyingi, asubuhi nyasi iko nyeupe. Mutoto ameota meno mawili.

Ulifanya kile mwanaume anafanya mu nyumba yake. Mi sina la kuongeza.

Ya masikio, mi si munganga.

Kula muzuri. Usiache sufuria chafu, panya itaingia. Kyungu amepata permi ya kuendesha, tulichinja kuku.

Ndaya


Kolwezi, hospitali ya masista, tarehe 10 mwezi wa kenda 2023

Yaya,

Salamu. Sina habari ya jamaa ya kukupa, Jémima haandiki.

Mutu mumoja amekufa mu gari yetu.

Tulikuwa tunatoka Fungurume, gari imejaa. Poste ilikuwa juu kabisa, juu ninapenda kusikia ile kidogo yenye inanifikia. Ku mushuko, mama aliyekaa nyuma yangu akaanza kunipiga ku mugongo. Nikafikiri ni muziki. Siku zote ni muziki. Nikamwambia: «Mama, kama hautaki, shuka.» Akanipiga tena na mikono miwili. Niliona magari ya mbele inakimbilia ku pembeni, bantu banaruka mu nyasi, nikasema mu roho: leo bantu beko na wazimu. Kumbe nyuma yetu kulikuwa camion ya mizigo, freni zimekufa, inapiga klaksoni tangu juu ya kilima. Bote balisikia. Bantu ba mu mashamba balisikia. Miye nilibakia katikati ya barabara.

Ilitupiga nyuma. Kijana mumoja, jina yake Kisimba, creuseur mwenye kuchimba madini na mikono, alikuwa mu siti ya mwisho. Alikufa pale pale. Mama aliyekuwa ananipiga alivunjika mukono. Gari imeharibika nyuma, mbele iko muzima.

Ku hospitali munganga alikuja, akasema, akasema, akaona ninaangalia midomo yake. Akachukua karatasi na kuandika: «Tangu lini hausikii?» Nikaandika: «Ninasikia.» Akaenda nyuma yangu. Niliona sista mwenye kusimama mbele yangu anaruka kwa kushituka. Nikageuka: munganga ameshika sufuria na kijiko kikubwa, alikuwa anaipiga nyuma ya kichwa yangu, na miye sikujua.

Akaandika tena. Ni machini ya mawe. Haitarudi.

Police ilimufunga dereva wa camion juu ya freni, lakini na miye balininyanganya permi. Mama ya Kisimba alikuja kusimama ku mwisho wa kitanda yangu. Aliniangalia tu, kisha akaenda.

Sasa nitakuuliza neno moja na unijibu. Wivine alisema alikuambia siku ya Pasaka. Ulijua?

Ezéchiel


Kasaji, tarehe 8 mwezi wa kumi 2023

Ezéchiel,

Tuko bazima. Mvua ya kwanza imenyesha juzi.

Ule kijana aliyekufa, Mungu amupokee. Kile mi sikukitaka, na sitasema kama nilikitaka.

Unauliza kama nilijua. Nilijua. Nilianza kujua ku kilio cha shangazi, na Wivine aliponipigia nilijua kabisa. Alisema: «Yaya, miye hanisikilizi, hata nikipaza sauti ni ugomvi. Weye njo anakuheshimu. Umwandikie kama ni masikio, aende kwa munganga mbele ya kuua mutu.» Alinilomba na machozi. Miye nilikuandikia. Nilikuandikia: nunua poste.

Unataka kujua juu ya nini. Unakumbuka mwaka Princesse alikaa kwenu asome? Eko na mimba, homa mu mwili, Wivine alimupandisha juu ya camion ya mifuko, mvua inanyesha, akasema mu nyumba yake hataki aibu ya bantu bengine. Mutoto wangu alifika Kasaji anatetemeka sawa kuku, na ile mimba ya kwanza ilitoka mu njia, mbele ya dereva na kijana wa camion. Alikusanya nguo yake yeye peke yake. Weye ulikuwa wapi siku ile? Aliniambia: «Mama, Tata Ezéchiel alikuwa anaosha gari. Aliniona.»

Haukuandika barua siku ile. Haukuuliza kama tutengeneze ao tutupe.

Nilifikiri nitatosheka siku Wivine akitupwa inje na masufuria yake. Nilitosheka kidogo.

Sasa tuseme ya gari. Mutu mwenye hasikii hapaswi kuendesha, hata Serikali imesema. Nusu ni yangu. Kyungu atafika na Mama Tshiela mbele ya mwisho wa mwezi, atatengenezesha nyuma na ataileta Kasaji. Umupe funguo na makaratasi bila maneno, hata hivyo maneno hautayasikia.

Kama unataka kurudi, kichumba cha karanga kiko wazi.

Ndaya


Kolwezi, Manika, tarehe 12 mwezi wa kumi na moja 2023

Yaya Ndaya,

Ninakusalimia, na ninamusalimia Princesse. Umwambie nilimuona siku ile. Ni kweli. Nilimuona na nikaendelea kuosha gari, juu niliogopa ugomvi ya nyumba. Sina neno lingine la kumwambia.

Kyungu alikuja. Ni kijana muzuri. Alisimama mbele yangu na kusema pole pole, akionyesha na mikono, nikaelewa. Nilimupa funguo. Alipowasha gari aliruka, juu poste ilikuwa imebakia mpaka mwisho. Akaipunguza, akaniangalia kwa haya. Alikwenda nayo.

Sikuandikii juu ya kugombana. Nguvu ya kugombana sina tena, na bantu niliobaki nao mu dunia ni weye tu na bale ba Fungurume.

Masista balinipa kamashine kadogo ka kuweka mu sikio, kalitoka kwa muzee mumoja aliyekufa. Siku ya kwanza nilisikia mulango. Nililia juu ya mulango, Yaya. Kisha kalianza kulia sawa panya, na sasa ni kelele moja tu, sauti ya mutu haipiti. Sista aliandika kama kutengeneza haiwezekani, lazima kapya, na hapa kapya hakuna. Lakini mi ninakavaa tu. Ukiniangalia utafikiri ninasikia.

Siku ya posho nilivaa koti ya ndoa na kupanda bisi ya Fungurume. Nilipata nyumba ya Stéphane. Wivine alitoka ku mulango. Amekonda. Jémima alikuwa nyuma, amesimama na ndoo. Nilikuwa nimepanga maneno mu njia yote, na nilipomuona, maneno yote ilikimbia. Nilimwambia: «Wivine, ulisema kweli na mi nilikupiga. Nimekwenda kwa munganga. Angalia, balinipa mashine. Sasa ninasikia yote.»

Nilisema vile juu asiogope tena. Nilitaka aone kama eko na bwana muzima. Yeye aliangalia kale kamashine, na uso yake ikalegea, sawa zamani. Nilifikiri atanishika mukono.

Akaanza kusema. Alisema murefu. Zamani nilikuwa ninaweza kushika neno mbili tatu ku midomo yake, lakini alikuwa analia na midomo ilikuwa inatetemeka. Sikushika hata moja. Na ningewezaje kumwambia arudilie, wakati nimetoka kumwambia ninasikia yote? Alipomaliza, aliniangalia, anangojea. Nikasema: «Ndiyo.» Akauliza kitu kingine, kifupi. Nikasema tena: «Ndiyo, ndiyo,» na nilicheka kidogo, juu ya upendo. Alinikazia macho. Kisha aliingia ndani na kufunga mulango. Jémima aliacha ndoo inje na kuingia nyuma yake.

Nilisimama pale. Nilifikiri labda ameenda kutafuta kiti. Nilingojea mpaka bantu ba mu njia balianza kunipita na kugeuka kuniangalia. Stéphane alikuja, akanishika ku kiwiko bila ukali na kunipeleka ku bisi.

Wivine hajui kuandika, na Jémima hajibu barua zangu. Weye unasikilizana naye ku simu. Ninakulomba, Yaya, sawa mutoto wa tumbo moja na weye: mupigie. Muulize aliniambia nini ku mulango, na uniandikie yote, neno kwa neno. Na umwambie kama sikusikia. Umwambie kamashine ni kabovu, nilidanganya.

Nimenyenyekea mbele yako.

Ezéchiel


Kasaji, tarehe 3 mwezi wa kumi na mbili 2023

Ndugu yangu Ezéchiel,

Salamu kutoka kwa bote. Mutoto wa Princesse anasimama sasa, anashika kiti na kusimama. Kyungu anabeba bantu na gari kila siku ya soko mpaka Mutshatsha, bamemuzoea. Mi nilipanda muhindi.

Nilimupigia Wivine sawa ulivyoniomba. Ninakuandikia neno kwa neno.

Alikuambia ku mulango: «Ezéchiel, kama umekuja kunirudisha ku nyumba, nitachukua nguo zangu sasa hivi na tutaenda, hata Jémima ameisha kukubali. Lakini kama ni Ndaya amekutuma kudai turudishe mbuzi za ndoa, uniambie mu macho. Ni mbuzi umekuja kudai?» Weye ulijibu: «Ndiyo.» Alifikiri haukuelewa. Akakuuliza: «Kwa hiyo imekwisha kati yetu?» Ukajibu: «Ndiyo, ndiyo,» na ukacheka.

Ni kile kicheko njo kilimumaliza. Aliniambia: «Yaya, alisema yeye mwenyewe anasikia yote. Hakufikiri hata kidogo mbele ya kujibu.»

Alingojea niseme kitu. Simu ilikuwa wazi muzuri, rezo ilikuwa safi, nilisikia hata kuku za Stéphane. Sikumwambia ya kamashine.

Stéphane alileta mbuzi siku ya alhamisi, juu ya camion ya Mama Tshiela, pamoja na kitambaa cha mama yetu na ile nyundo ya tata, tulivyotoa siku ya ndoa. Nilipokea yote mu jina yako, na wazee ba jamaa ba pande mbili bamekunywa maji ya mwisho ya kuvunja ndoa, sawa inavyotakiwa. Wivine ni mutu huru sasa.

Mbuzi ziko muzuri. Moja ni ya mimba. Ikizaa, ile ya kwanza nitakuwekea.

Ndaya